Mposaji Mfuga Bakteria

Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeumba viumbe tunavyoviona na tusivyoviona, akaviandalia vyote riziki yake, hata wale wadogo ambao mji wao mzima hukaa juu ya ncha ya sindano. Namshukuru kwa umri, kwa magoti ambayo bado yanakubali kusujudu, kwa binti aliyenichukua nikae naye ugenini, na kwa subira, ambayo hakunipa yote kwa siku moja. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wema wote waliomfuata. Baada ya hayo nasimulia.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilisomesha madrasa, na msimu wa kulima ukifika nilikwenda upande wa Hanang' kwenye ngano ya baba yangu. Uzeeni binti yangu alinileta Toronto. Tulikuwa tukiishi pamoja ghorofani, North York, na yeye anafanya kazi ya zamu kwenye ghala la mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege. Wakati wa habari hii alikuwa ameachika. Aliyekuwa mumewe alisifiwa na kila mtu msikitini: tasbihi mkononi, chupa chini ya kiti cha gari. Ndoa ile ilipovunjika binti yangu alilia kidogo, kisha akarudi kazini. Lakini pua yangu haijalala tangu siku ile.

Na hata kabla ya hapo sikuwa mtu wa kuamini upesi. Mwalimu aliyenisomesha hadithi za Mtume alitulea hivyo. Kabla ya kuuliza maneno yanasema nini, tulifundishwa kuuliza yamepita vinywa vya nani, na kila kinywa kikoje. Mtu aliyejulikana kudanganya katika biashara ya mbuzi, neno lake katika dini halikupokelewa. Wenzangu wengine waliona somo lile kavu. Mimi lilinikaa.

Basi mposaji alikuja mwishoni mwa majira ya baridi, baada ya sala ya Alasiri, kanzu chini ya koti zito. Alikuwa mtu wa Tanga, wa makamo, mpole wa sauti. Alinipa shikamoo kwa kuinama hasa, si ile ya kutupia mlangoni. Alikuja peke yake bila mshenga, akasema hana ndugu katika mji huu wa kumtuma. Nikaliweka hilo moyoni. Akaniambia amefahamiana na binti yangu kwenye darasa la msikitini la siku za mapumziko, na kwamba anamtaka kwa ndoa, na amekuja kwangu kwa kuwa mimi ndiye walii wake.

Nikamuuliza kazi yake.

"Ninafuga bakteria, mzee," alisema, kama mtu anayesema anafuga mbuzi.

Bakteria mimi nilikuwa nimewasikia kwa madaktari tu, na kila mara pamoja na habari mbaya. Akaona uso wangu, akaeleza. Alikuwa akifanya kazi kwenye maabara nje ya mji, yenye mabanda ya vioo. Humo wanaotesha ngano na shayiri, na wanachukua bakteria wa udongoni, wanawazalisha, wanawarudisha kwenye mizizi ili waikinge na kuvu inayoiozesha. Alieleza vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye shayiri. Katika mji huu sijaona watu wengi wanaokunywa uji wa shayiri. Nimeona shayiri inaishia wapi: kwenye makopo ya bia, yanayookotwa chini ya mabenchi ya bustani. Na alipoinuka kuaga, koti lake likapita karibu na uso wangu. Lilinuka hamira.

Nilimjibu kama wazee wanavyojibu posa: tumesikia, tutakuita. Binti yangu alimsindikiza hadi kwenye lifti, na lifti siku hiyo ilichelewa sana.

Kwa wiki kadhaa sikusema kitu. Nilitazama tu. Alikuja tena kunisalimia, na tena, kila mara na tende au matunda, na kila mara na harufu ile. Siku moja alipitia kwetu akitokea kazini, akamwomba binti yangu amwekee mfuko ndani ya jokofu wakati akisali, maana kilichomo hakitaki joto. Alipoondoka alisahau chupa moja. Niliikuta asubuhi nyuma ya maziwa: maji mazito ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, mawingu mawingu, na povu jembamba shingoni. Nikafungua. Hamira tupu.

Hapo nilipata shida ambayo mtu wa malezi mengine asingeipata. Umri wangu huu sijawahi kuonja pombe, wala kukaa nayo karibu nikaijua harufu yake sawasawa. Mume wa kwanza alinipita kwa sababu hiyo hiyo. Alitafuna karafuu, nami nikanusa karafuu. Nilihitaji mtu anayejua.

Mtu huyo nilikuwa naye. Chini ya nyaya kubwa za umeme zinazokatiza North York kuna viwanja vidogo vya bustani ambavyo wakazi hupewa walime, nami nina kimoja. Cha jirani ni cha mzee Mgoa, Mkatoliki, mzaliwa wa Tanga, karani mstaafu wa bandari. Kiswahili chake kinawashinda vijana wetu wengi waliozaliwa huku. Analima nyanya na pilipili, na jioni za joto hukaa juu ya ndoo yake na kopo la bia, akinigeuzia mgongo kwa heshima. Ananiita Shehe, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba mimi ni mwalimu tu.

Nikaitia chupa ndani ya mfuko mweusi, nikapanda nayo basi, nikiomba nisikutane na mtu wa msikitini. Nikamkuta jirani akisafisha kiwanja chake, theluji ndiyo kwanza imeisha. Nikamweleza kwamba nina jambo analolijua yeye na mimi silijui. Aliitoa chupa, akaiinua juani.

"Shehe, umeanza biashara?"

"Nusa tu. Niambie kama ni pombe."

Alinusa kwa utulivu mkubwa, amefumba macho, kama mtu aliyeitwa mahakamani kutoa ushahidi. Akanusa tena.

"Hii si pombe," alisema. "Hii ni supu iliyosahauliwa jikoni tangu Ijumaa. Lakini ukitaka hakika kabisa, naweza kuionja."

Niliinyakua. Akauliza ni ya nani, nikamwambia ni ya mtu anayemposa binti yangu, anayefuga bakteria. Alicheka hadi ikabidi akae kwenye ndoo. Alipomaliza kucheka alinihurumia, akasema katika umri wetu heri mkwe anayefuga hao kuliko mkwe asiyefuga kitu. Mimi sikucheka. Kama si pombe, basi ni ugonjwa ndani ya chupa, na ulikuwa umelala nyuma ya maziwa yetu.

Nikamwita mposaji. Nikamweka mbele ya ile chupa mezani, nikamuuliza kama ninavyowauliza wanafunzi: hiki ni nini, umekipata kwa nani, na huyo alikipata wapi. Aliona haya kwa kuisahau, akaomba radhi. Akasema harufu ile ni ya chakula chao, hamira iliyochemshwa na sukari kidogo, maana bakteria nao hula. Wenyewe walitoka kwenye udongo wa shamba la ngano.

Kisha akanieleza kuhusu ugonjwa. Kuna kuvu, alisema, inayoishi udongoni na kula mizizi ya ngano. Juu shina linaonekana zima, lakini masuke yanageuka meupe kabla ya wakati, yanasimama wima kwa kuwa hayana kitu ndani. Ukiling'oa shina unakuta mizizi myeusi kama iliyoungua.

 Ugonjwa huo ulikuwa kwenye kiwanja changu. Mimi peke yangu kati ya wakulima wa pale hupanda ngano. Wengine wananicheka, lakini nafsi yangu hutulia nikiona masuke, na punje chache zinazopatikana hutwangwa kwa uji wa futari. Kwa misimu kadhaa masuke yalikuwa yakitoka meupe na matupu. Nilikuwa nimeshuku maji ya jiji, nikashuku nyaya za umeme, nikamshuku aliyekuwa na kiwanja kabla yangu, na siku nyingine, Mungu anisamehe, hata dawa ya nyanya ya jirani. Na binti yangu aliyajua yote hayo. Kwa hiyo nikashuku pia kwamba ndiye aliyempa mposaji habari za ngano yangu, aje anibembeleze nayo.

Akaendelea. Akasema jambo la ajabu ni kwamba mkulima akiwa na ugonjwa huo na asikate tamaa, akapanda ngano pale pale mwaka baada ya mwaka, ugonjwa huongezeka, huongezeka, halafu wenyewe hupungua. Udongo unakuwa umejipatia walinzi. Bakteria fulani wanaoipenda mizizi ya ngano wamezidi, na wanatoa kitu kinachoizuia ile kuvu. Wale wa kwenye chupa walitoka kwenye shamba la namna hiyo.

Habari kama hiyo niliwahi kuiona kwa macho, nami sikuipenda. Nilipokuwa kijana kulikuwa na mjane kule kwetu aliyepanda ngano kwenye kishamba kimoja bila kupumzisha. Ngano ya watu ilipofia masukeni, ya kwake ilisimama. Watu walisema ana dawa. Hakuna aliyemuuliza alifanyaje. Walimwogopa tu, mpaka akahama. Siwezi kuapa kwamba ulikuwa ugonjwa uleule. Lakini nilimwangalia yule mtu wa Tanga nikaona moyo wangu unataka kufanya waliyofanya wale, kushuku bila kuuliza, na mwalimu wangu hakunisomesha shaka ya namna hiyo.

"Nani amekwambia haya?" nilimuuliza.

Akataja mwalimu wake wa chuoni na waliomfundisha mwalimu wake, akirudi nyuma mmoja mmoja. Mlolongo ulikuwa mzuri. Nikamuuliza yeye mwenyewe ameona nini.

"Kwenye vyungu nimeona, mzee. Shambani mara nyingine inakubali, mara nyingine inakataa. Usiniamini mimi. Jaribu."

Basi nikapanga jaribio, na nililipanga kama mtu anayemtegea mwizi. Atengeneze chupa mbili zinazofanana, moja ya bakteria hai, nyingine ya bakteria walewale waliochemshwa wakafa. Amkabidhi jirani na kumwambia ipi ni ipi. Jirani afunge uzi mwekundu kwenye moja na wa buluu kwenye nyingine, asimwambie mtu yeyote duniani ni upi uko kwenye ipi. Mimi nitamwagia nusu ya kiwanja chupa hii na nusu nyingine chupa ile. Mposaji asikanyage kiwanjani mpaka mavuno. Na jibu la posa yake litatoka siku hiyo, kwa kile ngano itakachosema.

Nilitegemea atanuna. Alifurahi. Akasema hivyo ndivyo wanavyofanya kazini kwao. Hilo likanitia shaka zaidi. Mtu anayefurahi kushukiwa nilikuwa sijawahi kumwona.

Binti yangu alirudi kutoka zamu akasikia. Alivua viatu vyake vya kazi taratibu, kimoja, na kingine.

"Baba, unanipimia mume kwa ngano?"

Nikamwambia mara ya kwanza nilimpimia kwa sifa za watu.  Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango polepole, na hilo liliniuma kuliko kama angeubamiza.

Ardhi ilipopata joto nikapanda. Kiwanja changu kina nusu mbili. Ile ya karibu na uzio ndiyo niliyoanza nayo, na haijawahi kuona zao jingine ila ngano tangu nilipokabidhiwa. Ile ya upande wa njia ilikuwa ya vitunguu, nikaigeuza kuwa ya ngano miaka ya karibuni tu. Chupa ya uzi wa buluu nikaimwaga upande wa uzio, ya uzi mwekundu upande wa njia, nikasoma dua, nikamwachia Mola.

Nikaanza kulinda. Nikishasali alfajiri nilipanda basi la kwanza nikaenda kukaa. Siku moja nilikuta nyayo za viatu vya mjini ukingoni mwa upande wa njia, nikazipima kwa kandambili yangu. Zilikuwa za jirani, aliyekuja kuchungulia. Siku nyingine nilimwona mposaji ng'ambo ya uzio, amesimama mikono mfukoni, akitazama upande wangu. Nilijificha nyuma ya mabua ya mahindi ya Mjamaika wa kiwanja cha tatu. Alisimama muda mrefu, kisha akaondoka na basi. Nilimlaumu kutwa nzima, nikijiuliza alikuwa akitazama nini, mpaka nilipokumbuka kwamba pale ndipo kituo cha basi kilipo.

Nyumbani binti yangu alinihudumia kama kawaida: chai, dawa za presha, kitambaa cha moto kwa goti. Lakini hakuniuliza habari za bustani, hata mara moja. Aliziuliza kwa jirani, hilo nililijua.

Kiangazi kikakaribia mwisho. Upande wa uzi wa buluu masuke yakainama kwa uzito, rangi ya asali. Upande wa uzi mwekundu yakasimama wima, meupe, mepesi, yakipigana na upepo kama karatasi. Hata asiyejua kilimo angeona. Nikawaita wote siku ya mapumziko. Mposaji alisimama nje ya kiwanja mpaka nikamruhusu kuingia. Binti yangu alisimama karibu na lango la bustani, bado na fulana ya kung'aa ya ghalani, kwa kuwa alitoka zamu moja kwa moja.

Nikamwambia jirani aseme.

"Buluu ndiyo ya walio hai," alisema. Aliyasema hayo akiwa ameinama, akifunga kamba ya kiatu.

Niliiona ile kamba. Ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Lakini pia niliona masuke yaliyoinama, nikaona binti yangu ameziba mdomo kwa mkono, nikasema moyoni kwamba mtu akishuku kila kitu hatakula wala kulala. Nikamgeukia mposaji, nikamwambia, karibu nyumbani. Jirani akapiga makofi, akauliza pilau itakuwa ya nyama gani.

Mposaji hakuruka kwa furaha. Alinishukuru, akanibusu mkono, kisha akapiga magoti kwenye ngano. Akang'oa shina moja upande huu na moja upande ule, akaangalia mizizi. Akaomba achukue udongo kidogo wa pande zote mbili. Nilimpa, nikijiuliza mtu aliyekwisha kushinda anatafuta nini tena.

Binti yangu akaanza kuangalia vitambaa. Nyumba yetu ilirudi kuwa na sauti. Alikuwa akiimba kaswida jikoni. Ndipo mposaji akaja jioni moja bila kuitwa. Hakuvua koti. Alikaa ukingoni mwa kochi, na chai aliyowekewa hakuigusa. Nikajua. Nikasema huyu amekuja kurudisha neno lake. Kilichokuwa kimefichwa sasa kinatoka. Jikoni maji ya bomba yakanyamaza.

"Mzee," alisema, "upande ule uliostawi si wangu."

Nikamwambia aseme vizuri. Akasema bakteria wake amewazoesha dawa fulani inayowaua wengine, kwa hiyo akipanda udongo kwenye chakula cha bakteria chenye dawa ile, watakaobaki hai ni wake. Amepanda udongo wa pande zote mbili. Wake wako upande wa njia, upande wa masuke meupe. Wapo wengi, wazima, na hawakuzuia kitu. Upande wa uzio hayumo hata mmoja.

"Ulinijibu kwa sababu ya upande wa uzio," alisema. "Basi jibu hilo si langu. Nimelirudisha."

 Kisha nikachukua simu nikampigia jirani, nikaweka sauti ya wazi ili wote wasikie. Nikamuuliza swali moja. Nikasikia akikohoa.

"Shehe, nilimwona yule binti amesimama pale langoni na fulana yake ya kazi, ulimi ukageuka wenyewe. Nitaungama Jumamosi."

"Ungama kwangu kwanza," nikamwambia.

"Mwekundu ndio uliokuwa wa walio hai. Haya, nimeungama. Na pilau je?"

Nikakata simu. Nikamuuliza mposaji nani mwingine anayajua haya ya maabara. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama asingekuja, mimi ningejuaje. Akasema nisingejua. Alisema hivyo kama mtu ambaye amemaliza alichokuja nacho na hana kingine mfukoni.

Shaka yangu ikainua kichwa mara ya mwisho. Nikafikiri, labda hii nayo ni hila, ya kupita zote. Nikamjaribu. Nikamuuliza, basi upande wa uzio umepona kwa nini, kama si kwa dawa yako?

Akasema hajui. Kisha akaniuliza pande zile mbili zilikuwa zimepandwa nini zamani. Nikamweleza: vitunguu upande mmoja, na upande mwingine ngano juu ya ngano tangu mwanzo. Nikaona uso wake unabadilika. Alisogea mbele, koti likamwanguka begani.

"Tangu mwanzo? Bila kupumzika?" Akasema basi huenda udongo ule umeshafika hatua ile, umejipatia wenyewe walinzi wake, walioota humohumo kwenye kiwanja changu, na wageni wake wa chupani hawakuwa na kazi waliyoiweza. Akasema nusu zile hazikuwa sawa tangu awali, kwa hiyo jaribio letu halikuthibitisha la kwake wala halikulivunja. Ila angependa sana, nikimruhusu, kuwatafuta hao wa kwangu. Aliongea kwa haraka, mikono hewani, akinichorea mizizi kwenye kitambaa cha meza kwa kidole. Kwa kitambo kile alikuwa amesahau kabisa kwamba amekuja kupoteza mke.

Mimi sikusahau. Nilikuwa nimekaa na somo langu la ujana. Yule mume wa kwanza hakuwahi kukosa maelezo. Kila ulipomuuliza alikuwa nalo jibu, na kila jibu lilimfaa yeye. Mwalimu wangu alitufundisha namna nyingi za kumjua mpokezi mwaminifu wa hadithi, na moja kati ya hizo ni huyu anayekuletea habari inayomdhuru mwenyewe, wakati angeweza kuinyamazia na asijulikane. Nilikuwa nimeisomesha kanuni hiyo kwa vijana wengi wa Kondoa. Sikuwa nimewahi kuiona imekaa kwenye kochi langu na koti begani.

Nikamwita binti yangu. Alitoka jikoni mikono ikiwa na povu la sabuni, macho mekundu, hakumtazama mposaji wala mimi. Nikamuuliza mbele yake kama bado anamtaka mtu huyu ambaye dawa yake haikufaa kitu kwenye ngano ya baba yake.

"Namtaka," alisema.

Nikamwambia mposaji avue koti, chai inapoa. Na nikamwambia aache kuniita mzee, aniite kama anavyoniita mke wake.

Walifunga ndoa msikitini kabla ya theluji ya kwanza. Jirani alikuja na suti ya zamani ya bandarini, akala pilau sahani juu ya sahani, akamwambia kila aliyekaa naye kwamba ndoa ile imetokana na uongo wake. Uji wa ngano ya upande wa uzio ulikuwapo pia, kidogo kwa kila mtu.

Sasa ardhi imeanza tena kupata joto. Mkwe wangu amewapata anaodhani ndio walinzi wa kiwanja changu, anawafuga, na tumekubaliana kujaribu upya, safari hii upande wa njia peke yake, tukiugawa katikati ili tusijidanganye. Nyuzi hatashika jirani. Nami nikienda kwao, nikifungua jokofu kutafuta maziwa, kwanza nanusa. Binti yangu ananicheka. Nanusa hivyo hivyo.

Ewe uliyevumilia kunisoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe riziki safi usiyolazimika kuinusa, akujaalie jirani anayeungama upesi, na akuletee mlangoni watu wanaosema kweli hata pale inapowagharimu. Na pale unapokanyaga, hata kama ni pachache na ugenini, akuoteshee walinzi usiowaona. Amina.